Mjomba Alipoomba Nimsomee Kitabu Changu

Kwetu mtoto ni wa mjomba. Wanaume wanaotoka mikoa mingine wakija kuoa Masasi huwa wanacheka wakisikia hivyo, halafu wakishazaa huku wanaacha kucheka. Baba anahamia upande wa mke, analima, anajenga, anazaa, lakini siku ya neno zito, la kuoza au kuzika au la mtoto aliyeharibikiwa, anayekaa kwenye kiti ni kaka wa mama. Sisi Wayao tunamwita mwenye mbumba, yaani mkuu wa dada zake na wa watoto wa dada zake. Wa kwetu alikuwa mkulima wa korosho wa Chiungutwa, mwembamba, msafi, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa mpaka ikalainika, na ulimi ambao ukikupata hutoki damu, unavimba tu.

Mjomba alikuwa Mwislamu, kama ukoo mzima ulivyokuwa tangu enzi za mababu. Mama peke yake ndiye aliyebatizwa. Jambo hilo halikuwahi kutugombanisha kwenye chakula. Idd tulikwenda Chiungutwa kula pilau, na Krismasi Mjomba alikuja kwetu, akamchinja yeye mwenyewe kuku wa sikukuu ili chungu kiwe kimoja na asiwepo wa kula pembeni. Alikuwa akitutania kwamba bila kisu chake tungesherehekea kwa kisamvu.

Aliyemleta mama kwenye ubatizo alikuwa baba yangu. Alikuwa seremala aliyetoka upande wa Newala, akaja Masasi na mfuko wa zana na Biblia iliyojaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Alimpenda mama, na mama akampenda. Mjomba hakufurahi, lakini alikuwa mtu wa haki, akaoza. Nilizaliwa mimi, nikawa wa kwanza na wa mwisho. Herufi sikuzijulia shuleni. Nilizijulia kwenye kitabu kile, nimekaa kati ya magoti ya baba, nywele zimejaa vumbi la mbao.

Nilipokuwa darasa la nne baba alipanda Mnyambe, huko huko upande wa Newala, kutengeneza milango ya nyumba ya watu, na alipoimaliza milango akabaki ndani. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akiwaeleza walioulizia, na baada ya hapo hakuongeza neno. Kulikuwa na mwanamke huko. Baba alimwoa, akahamia kwao kama desturi inavyotaka, na hakurudi hata kuchukua zana zake. Kitabu nacho alikiacha.

Watu walitazamia mama atarudi kwenye dini ya kwao, kwa kuwa aliyemtoa huko keshaondoka. Nadhani Mjomba naye alitazamia hivyo, ingawa hakusema. Mama aliwajibu kwamba hakubatizwa kwa jina la mume wake. Jumapili iliyofuata akajifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda.

Mjomba akaja kukaa kwenye kiti. Aliniita mbele ya mama na majirani wawili wa kushuhudia, akasema kuwa mtu yule amejitoa mwenyewe, na kuanzia siku ile mimi sina wajibu naye, awe mzima au mgonjwa, awe hai au maiti. Nilikuwa mtoto, lakini nililielewa kila neno. Maneno yale nililala nayo miaka mingi. Msichana mwingine aliyeachwa na baba yake huhangaika akijiuliza afanye nini akikutana naye njiani. Mimi sikuhangaika. Mjomba alikuwa ameshanifungulia mlango, nami nilitoka nikiwa na hasira yangu nzima, haijamegwa hata kidogo.

Nikakua. Nikawa fundi cherehani, nikaolewa na fundi ujenzi ambaye alihamia kwetu kwa adabu zote, nikazaa. Kanisani nikawa msomaji wa masomo. Nina sauti, na sioni haja ya kuficha. Wazee walikuwa wakisema nikisoma hata watoto wachanga wanatulia, nami nilikuwa nikiandaa somo langu tangu Alhamisi, nikijua wapi nipumue na wapi niteremshe sauti. Zile amri za mlimani nilizisoma mara nyingi, na nilizisoma vizuri sana. Ya kuwaheshimu wazazi niliisoma vizuri kama nyingine, na wala haikunigusa, maana nilikuwa na ruhusa ya Mjomba.

Miaka michache iliyopita, Jumapili moja, ndiyo kwanza nimerudi kutoka kanisani na viatu bado viko mguuni, bodaboda ikasimama uani kwetu. Mjomba akashuka akijikung'uta vumbi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mama yuko wapi. Mama alikuwa ukumbini anapukuchua mbaazi. Mjomba akakaa, akakataa chai, nikajua kuna neno.

Alikuwa amepigiwa simu kutoka Mnyambe. Aliyepiga ni kaka wa yule mwanamke wa baba, mkuu wa upande wao, anaongea na mkuu mwenzake. Yule mwanamke alikuwa amefariki tangu mwaka uliopita. Baba akabaki pale ukweni, mwanamume asiye na mke katika ardhi isiyo yake, na kabla mambo hayajakaa sawa kiharusi kikampiga upande mmoja. Kwa desturi zetu mwanamume wa namna hiyo hurudi kwa dada zake. Dada zake baba walikuwa wamekwisha wote. Wapwa zake walikuwa mbali mijini, na simu zao zilikuwa zinaita tu. Watu wa Mnyambe hawakumfukuza. Walikuwa wanamlisha. Ila walikuwa wanaomba, kwa heshima, kujua kama kuna mahali ana mtu.

Nilimtazama Mjomba nikingoja aseme alichowajibu. Nilikijua tayari. Kilikuwa ni kile alichonitamkia nikiwa darasa la nne.

Badala yake aliomba maji. Nikamletea ya kunywa, akasema si ya kunywa. Nikamletea ndoo na kata. Akakunja mikono ya kanzu, akanawa mikono, akasukutua, akanawa uso na miguu, taratibu, kama anavyofanya kabla ya kuswali, na wala haukuwa wakati wa swala. Kisha akaniambia nilete Kitabu changu.

Nilikuwa nimekitoa kwenye mkoba na kukiweka mkekani karibu na ungo wa mbaazi. Nilipoinama kukiokota, Mjomba alikwishavuta kigoda, akakipangusa kwa leso yake, akanionyesha nikiweke pale juu. Nikakiweka. Akauliza kinasema nini kuhusu baba.

Sasa mimi si mtu wa kukamatwa kirahisi, na ndani ya kitabu kile nilikuwa ninatembea kama jikoni kwangu. Nilimwambia kinasema mengi. Nikaanza na pale akina baba wanapokatazwa kuwachokoza watoto wao. Nikamsomea asiyewatunza watu wa nyumbani mwake anavyoitwa, na jina lenyewe si zuri. Nikamsomea habari za wachungaji wanaotelekeza kondoo. Nilisoma kwa sauti yangu ya Jumapili, na nikaona mama ameacha kupukuchua. Mjomba alisikiliza yote, kichwa kimeinama, hakunikatiza. Nilipomaliza akashukuru. Akasema hayo yote anaona wameambiwa akina baba. Akaomba nimsomee waliyoambiwa watoto.

Nikafungua. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara nyingi kiasi kwamba kitabu kilifunguka chenyewe. Nikasoma ile amri, safari hii bila kupanga pumzi.

"Rudia," Mjomba akasema.

Nikarudia.

"Hapo pana sharti? Pamesema umheshimu kama alikulea?"

Nilimwambia pana ahadi ya maisha marefu. Akasema hakuuliza ahadi, ameuliza sharti. Nikatazama tena ukurasa, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka sakafuni, ingawa nilijua hakuna kitu. Nikamwambia hapana sharti.

Mjomba alivua kofia, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwona akifanya mbele za watu. Akakaa nayo magotini.

"Mwipwa wangu," akasema, "cha kwangu nacho hakina. Nimekisoma usiku kucha. Nimepanda pikipiki nikitumaini labda chenu kingetutoa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kunilazimisha. Alikuja kutafuta mlango, naye hakuwa akimtaka baba kama mimi nisivyomtaka. Dada yake mmoja alichukuliwa na mtu yule kutoka dini ya kwao, kisha akaachwa, na hilo Mjomba alilimeza kila Krismasi pamoja na kuku aliyemchinja kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwonea huruma, na huruma ikanizidishia hasira. Nikamwambia yeye ndiye mwenye mbumba. Alishasema sina wajibu. Aseme tena, yaishe, nani wa kumpinga?

"Nililolifunga ni la mila, na hilo naweza kulifunga mpaka kesho. Hili si langu. Wewe unaliamini au unalisoma tu?"

Niliwahi kusikia mahubiri mengi juu ya mamlaka ya Neno, mengine kutoka kwa watu waliosoma vyuo, na nilikuwa nikitingisha kichwa kukubali huku nikiwaza mfano wa gauni ninalokwenda kukata kesho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali lile huku akingoja jibu. Na aliyeniuliza hakuwa wa dini yangu, na alikuwa amekinawia udhu kitabu changu.

Mama ndiye aliyesema. Alisema nyumbani kwake mtu yule haingii, na hilo tusimwombe. Yeye hakuambiwa amheshimu. Aliambiwa amsamehe, na hilo alikwisha kulishughulikia na Mungu wake kwa wakati wake. Kisha akarudi kwenye mbaazi. Baada ya muda kidogo, bila kuinua uso, akasema kile chumba cha kuwekea korosho upande wa kwangu hakivuji.

Mume wangu alikifanyia kazi wiki ile. Alitoa magunia, akapiga lipu, akaweka dirisha. Nilimwuliza mbona anajitesa kwa mtu asiyemjua. Akanijibu kwamba kila mwanamume aliyeoa kwetu anapaswa kuangalia mapema atazeekea wapi. Alisema kwa utani, lakini lipu aliipiga mara mbili.

Kwenda kumchukua haikufaa niende peke yangu. Mtu anakabidhiwa na wakuu, hanyakuliwi kama mzigo. Mjomba akavaa kanzu ya Idd, tukakodi Noah, tukapanda mpaka Newala na kuendelea hadi Mnyambe. Njiani hatukuongea sana. Alinunua ndizi akanipa, kama nilipokuwa mdogo.

Watu wa Mnyambe walitupokea vizuri. Walikuwa wamemnyoa baba, wamemvika shati la pasi, na wamemwogesha, na mtu wa kule akikwambia amemwogesha mgonjwa ujue amekupa kitu, maana maji ya tangi la mvua yanapimwa kwa kopo. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti kizuri, nadhani alikitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimemwandalia uso mgumu. Nikakuta mzee mdogo, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelala pajani kama wa mtu mwingine. Nikamwamkia kwa sababu ni lazima. Alikuwa anamtazama Mjomba.

"Shikamoo, shemeji," alisema, na maneno yalitoka yameviringana.

Mjomba alisimama pale, kanzu nyeupe, na sisi wote tukangoja. Nilifikiri hataitikia. Nilifikiri tutarudi Masasi na gari tupu, na sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inaomba iwe hivyo.

"Marahaba," Mjomba akasema. Akaenda akamshika ule mkono uliokufa, si ule mzima.

Tukamleta. Nami nikaanza kazi niliyoamriwa. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimfulia, nilimlisha, asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani na jioni baada ya kuifunika. Sikumkemea hata siku moja, wala sikukaa naye kuongea. Niliifanya kama mtu anavyoshona sare za shule: mshono uwe imara, pindo liwe sawa, na moyo unaweza kuwa popote. Baba hakuniomba msamaha. Nilikuwa nikiungoja, kusema kweli, ili niutazame kwanza kabla ya kuamua. Hakuuleta. Alikuwa akinifuata kwa macho tu, na kila nilipotoka chumbani macho yake yalikuwa yanaganda mlangoni. Jirani anayeamka alfajiri aliniambia anamsikia akikohoa na kugeukageuka, kwamba mzee huyu halali.

Mjomba alikuja kila alipopata nafasi, na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye mfuko, maana baba aliipenda. Walikaa pamoja uani wakimenya. Yaliyopita hawakuyagusa. Waliongea habari za bei ya salfa ya kupulizia na mikorosho iliyochomwa na ukungu, kama wanaume wawili wowote.

Kumbe sifa zilikuwa zinanikusanyikia bila mimi kujua. Kanisani wakaanza kunitaja. Ikafika siku mchungaji akanifanya mfano katika mahubiri, akasema mtazameni dada yetu mjue upendo ni nini, nami niliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu. Upendo haukuwepo. Nilikuwa nimeutafuta, nilikuwa nimeuombea, na kila nilipoingia kile chumba na beseni niliukuta haujafika. Nilichokuwa nacho ni ukurasa mmoja usio na sharti, basi.

Msimu wa mabibo ya korosho, uani kote kunanukia na nzi hawana adabu, akina mama wa kanisani wakaja kumwona mgonjwa. Waliimba, wakaomba, wakaleta sabuni na sukari. Mmoja wao, mwenye sauti kubwa kuliko yangu, akamshika baba bega akamwambia ana bahati kubwa, maana ana binti anayempenda upendo wa ajabu. Baba akawatazama, akanitazama. Wakaondoka.

Nikaleta uji. Nikampandisha kwenye mto, nikamfunga kitambaa shingoni, nikachota kijiko cha kwanza. Hakufungua mdomo.

"Mama," aliniita hivyo, kama alivyokuwa akiniita zamani, "wanasema unanipenda. Ni kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mgonjwa anaambiwa ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kusifiwa kwa kitu nisichokuwa nacho, na hasira yangu niliyoibeba tangu darasa la nne ikapata mahali pa kutokea.

"Hapana, baba. Nimeamriwa."

"Na mjomba wako?"

"Mjomba alitaka kukataa. Imeandikwa, na haina sharti. Ndiyo maana uko hapa."

Alifumba macho. Nilidhani nimemwua. Kijiko kilikuwa kimebaki hewani na uji ukinidondokea kidoleni, nikawa najiambia nimekwisha, hili halifutiki. Kisha nikaona uso wake unalegea, ule upande mzima, kidogo kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Basi leo nitalala," akasema. Akavuta pumzi, akatafuta maneno, maana yalikuwa yanamwia mazito. "Nilikuwa naogopa, mwanangu. Kila siku najiuliza, upendo huu utamwisha lini. Mimi mama yako nilimpenda sana. Nilimpenda, na bado niliondoka."

Akafungua mdomo. Nikamlisha uji wote, hakubakiza, na kabla sijamaliza kumfuta kidevu alikuwa amekwisha kusinzia, kinywa wazi, mchana mweupe, nzi wakimtembelea usoni. Nikakaa nikawapunga. Nikakaa mpaka mteja wangu akaja kuulizia gauni akaambiwa arudi kesho. Baba alilala mpaka jua likageuka, na tangu siku ile alilala kila siku, mpaka Mungu alipomchukua.

Mchana ule ndipo nilipoanza kumpenda. Sikumwambia, nisije nikamnyima usingizi.